Poirot Apiga Hodi Lukole

Anayesoma hadithi ya mauaji kwa sauti lazima amjue muuaji kabla hajafungua mdomo. Tabu inaanzia hapo. Msomaji wa kimyakimya hugundua mambo hatua kwa hatua, lakini wewe unayemsomea mwenzio unajua tangu mwanzo nani katia sumu, na koo si hodari wa kutunza siri. Mpe mtu mwema sauti laini na mhalifu sauti ya kukwaruza, uone: msikilizaji atakuwa amemkamata mtu kabla maiti haijaonekana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lukole, wilayani Ngara. Baba mkubwa wangu ameacha kuona kwa sababu ya presha ya macho, naye alikuwa mtu wa kusoma kila chenye maandishi, hata gazeti lililofungia vitumbua. Habari anazipata Redio Kwizera, hadithi ndefu anazipata kwangu. Narekodi kwa simu, naziweka kwenye memori kadi, naye anasikiliza kwenye redio yake ndogo akiwa kibarazani.

Studio yangu ni stoo ya maharage. Magunia yakipangwa hadi juu, mwangwi unakufa. Mvua ikipiga mabati, kazi imelala. Simu naikata mtandao ili pasiingie mlio wa ujumbe katikati ya kifo cha mtu. Tena kuna ulimi: sisi tuliokulia Kihangaza, r na l hutuchanganya, na katika hadithi ya upelelezi, mahali pakigeuka mahari, ushahidi wote umepotea. Kurasa za namna hiyo nazifanyia mazoezi kwanza.

Kitabu anachokipenda zaidi baba mkubwa ni cha Agatha Christie, The Mysterious Affair at Styles, kilichotoka mwaka 1920. Nakipitia kwa Kiingereza, kisha namsimulia kwa Kiswahili. Styles ni jumba la shambani huko Essex, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lina watumishi, wageni na ndugu wanaosubiri urithi. Mwenye mali, Bi Emily Inglethorp, ameolewa uzeeni na mwanamume mdogo kwake kwa miaka mingi, na nyumba nzima imenuna. Usiku mmoja anakufa kwa sumu ya strikinini, milango ya chumba chake ikiwa imefungwa kwa ndani. Christie alikiandika akifanya kazi katika duka la dawa la hospitali mjini Torquay, kwa hiyo sumu alizijua kwa majina na vipimo.

Kanuni ya hadithi za majumba haya ni moja: muuaji hatoki porini, amekaa nanyi mezani. Ndiyo maana msomaji hana ruhusa ya kupendelea. Kikombe cha kahawa kilichovunjika, doa kwenye zulia, moto uliowashwa siku ya joto, vyote nasoma kwa uzito uleule ninaosoma hali ya hewa. Kidokezo kikitiliwa mkazo, kimekufa. Wahusika nawatofautisha kwa mwendo: huyu anakatiza wenzake, yule anafikiri kabla ya kujibu. Mwigizaji Hugh Fraser, aliyecheza Kapteni Hastings, msimulizi wa kitabu hiki, kwenye televisheni, amerekodi vitabu vingi vya Christie, nami nimejifunza mengi kwa utulivu wake.

Tulipofika kwa Hercule Poirot, baba mkubwa aliniuliza siku ya pili yake: "Mwanangu, kumbe mpelelezi mwenyewe ni mkimbizi?"

Ndiyo, ni mkimbizi. Poirot anaingia katika fasihi akiwa Mbelgiji aliyekimbia vita, amehifadhiwa pamoja na wenzake katika nyumba ndogo kijijini kwa hisani ya Bi Inglethorp huyohuyo. Anamtafuta muuaji wa mwenyeji wake. Christie alipata wazo hilo kwa kuwaona wakimbizi wa Ubelgiji waliofika Torquay.

Hapa Lukole jambo hilo halihitaji maelezo. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Lukole ikaja kuwa makazi ya Warundi zaidi ya 100,000, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Tulisikia lafudhi zao sokoni na hospitalini, na tunawajua waliozicheka. Kwa hiyo Poirot simsomi kwa kuchekesha. Wenye jumba wanamdharau kwa matamshi yake na masharubu yake, na dharau hiyo ndiyo inayowalegeza ndimi mbele yake. Nikimfanya kichekesho, nitakuwa nimeungana na waliodanganyika.

Kusomea wasioona kuna historia ndefu kuliko simu. Uingereza ilianza huduma ya vitabu vya sauti mwaka 1935, ikisukumwa na watu kama Ian Fraser, mwanajeshi aliyepofuka kwenye mapigano ya Somme. Santuri za huduma hiyo zilizunguka mara 24 kwa dakika ili kila upande ubebe dakika zipatazo 25. Miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kilikuwamo cha Christie, The Murder of Roger Ackroyd.

Nasi jumba letu la shambani tunalo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, akatupa Bwana Msa na kiko chake, anayepeleleza kifo cha tajiri mwenye mashamba. Mwaka 1965 Faraji Katalambula akatoa Simu ya Kifo. Hivi ni vitabu vilivyoandikwa kana kwamba vinasubiri kusomwa kwa sauti.

Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofungua njia ya kutengeneza nakala kwa ajili ya wasioona. Atakayetaka kuuza kwa watu wote aombe kwanza idhini ya wenye haki. Ombi langu ni kwa wachapishaji na redio zetu: mrekodini Bwana Msa mzima, sura kwa sura, kwa msomaji aliyekisoma kitabu hadi mwisho. Na wewe uliye na mzee asiyeona nyumbani, usingoje studio. Anza leo na ukurasa mmoja, na muuaji usimtaje.