Kidonda Hakiponi: Je, Dawa Ilitosha?

Kwenye machimbo ya mawe ya Ruiru na mashamba ya kahawa na mananasi ya Thika, mikwaruzo ni mambo ya kila siku. Mkwaruzo ukiingiwa na bakteria huvimba, huuma na kutunga usaha. Wengi wetu hapo hukimbilia duka la dawa na kuitisha kapsuli kulingana na pesa zilizo mfukoni. Shida huanzia hapo.

Antibiotiki tunayomeza, kwa mfano kloksasilini, hufika kwenye kidonda kwa njia ya damu. Mwili ni kama tangi lenye tundu: ukimeza dawa, kiwango kinapanda, figo zinaitoa kwa mkojo, kinashuka. Kiwango kikiwa cha kutosha, bakteria wanakufa. Kikishuka mno, waliobaki wanazaana tena. Ndiyo sababu kloksasilini humezwa kila baada ya saa 6, tena kabla ya kula, kwa kuwa chakula huipunguza kuingia mwilini. Kumeza mbili asubuhi na mbili jioni si sawa na kumeza moja mara nne, kwani katikati tangi hukauka.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka wa 1941 huko Oxford, Uingereza. Polisi Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi mabaya usoni, alipewa penisilini ilipokuwa bado dawa ngeni. Akaanza kupata nafuu. Dawa ilikuwa haba hata madaktari wakaichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamdunge tena. Baada ya siku 5 ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, naye akafariki mwezi wa Machi. Dawa ilikuwa ya kweli, lakini haikutosha.

Basi tupige hesabu. Ukiandikiwa kapsuli moja mara 4 kwa siku 5, hizo ni 20. Ukinunua 8, umenunua siku mbili tu. Na ukiwagawia watoto zilizobaki, hakuna anayepona.

Lakini pia dawa nyingi si jibu la kila kidonda. Jipu lililojaa usaha halipitishi dawa vizuri. Linahitaji kupasuliwa na mhudumu wa afya. Upele unaowasha usiku huletwa na wadudu, na antibiotiki haiwaui. Na ile tabia ya kufungua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye kidonda tuiache. Osheni kidonda kwa maji safi na sabuni.

Wekundu ukienea, homa ikipanda, au mgonjwa akiwa na kisukari, msingoje. Nendeni hospitali ya Thika, ya Ruiru au zahanati iliyo karibu. Pesa zikiwa haba, mwambieni mhudumu mapema, awatafutie dawa mtakayoweza kuimaliza. Nusu dozi ni bei rahisi leo, lakini kesho mtalipa mara mbili.