Hesabu ya Taifa na Daftari la Kilangala

Mwezi wa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kule Somanga, wilayani Kilwa, na malori ya bidhaa yakakwama. Kwa mwezi huo huo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia 3.1, sawasawa na ule wa Aprili.

Hatusemi kwamba hesabu ile ni ya uongo, la hasha. Ni wastani wa nchi nzima, na taabu ya kusini humezwa humo. Tangu 2021 kapu la kupimia lina bidhaa na huduma 383; chakula na vinywaji visivyo vileo vimepewa uzito wa 28.2 katika kila 100, hali katika kapu la kabla yake vilikuwa na 38.5. Je, ni kibarua gani wa Kilangala ambaye katika kila shilingi mia atumiazo, ishirini na nane tu ndizo ziendazo jikoni? Muhogo hulima mwenyewe, kweli. Lakini sukari, chumvi na sabuni hununua, na fedha za ufuta na korosho humjia kwa msimu.

Kwa hiyo twawaomba ndugu wafanyakazi waweke daftari lao kila mwezi: kilo ya unga, kilo ya mchele, nauli ya kwenda Lindi mjini. Mwajiri akija mezani na 3.1 yake, daftari lifunguliwe mbele yake.