Ukijibiwa na mashine, usikate simu

Wengi wetu tukipiga simu ofisini tukasikia "bonyeza 1, bonyeza 2", tunakata haraka. Kweli yunite zinatembea, lakini ukikata ndipo zimepotea bure.

Sauti ile si mtu. Ni mashine iliyopangwa na ofisi: simu ikilia bila kupokelewa, inajibu yenyewe, inataja namba za kuchagua, kisha inakuambia uache ujumbe baada ya mlio. Baadaye mfanyakazi anausikiliza na kukupigia.

Shida ni kwamba mashine haikuulizi ulichosahau. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na vita vilipoingia Goma Januari 2025, familia zilivuka kuja Gisenyi zikiwa zimetawanyika. Mama akisema tu "ni mimi, namtafuta mtoto wangu," bila jina wala namba, nani atamrudishia simu?

Basi tuseme polepole: jina lako, jina la mtoto na umri wake, mahali ulipo, na namba yako mara mbili. Huku mpakani laini ni za nchi mbili, kwa hiyo anza na namba ya nchi: Rwanda 250, Kongo 243. Namba ya siri ya pesa usiitaje kamwe.

Nanyi wenye biashara ndogo, mkipanga simu ijibu yenyewe, wekeni Kiswahili na Kinyarwanda, tena mchague mtu wa kusikiliza ujumbe kila jioni. Usiposikilizwa, aliyepiga atadhani amekataliwa.