Wavuvi wa Dagaa wa Majanji

Dagaa wakavu huuzwa sokoni Tororo kwa kopo, na sidhani yuko mwanafunzi asiyepata kuwala kwa ugali. Waganda huwaita mukene, Wajaluo huwaita omena. Lakini ni wachache kati yetu waliofika mahali watokako, ndiyo maana nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari za Majanji, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Busia, kusini yetu, pale ambapo Uganda, Kenya na Ziwa Victoria hukutana.

Ukishuka garini, kitu cha kwanza kukulaki ni harufu. Cha pili ni mng'aro. Mchanga umetandikwa nyavu kuukuu, na juu yake dagaa wameanikwa wakimetameta kama vipande vya bati. Mbele yako ni Ghuba ya Berkeley. Upande wa mashariki ni mlango wa mto Sio, uliosongwa na mafunjo, na nyuma ya mafunjo huonekana vilima vya Samia vya upande wa Kenya. Yangeyange hutembea katikati ya watu bila hofu, wakingoja kuiba. Siku nyingine utaona kitu kama moshi mzito kikiinuka kutoka majini. Si moshi, ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, ambao hutoka hasa wakati mwezi unapoandama.

Na mwezi ndio kalenda ya kijiji hiki. Mchana dagaa hukaa chini majini. Usiku hupanda juu kuwafuata vijidudu wanaowala, na wakiona taa huikusanyikia. Lakini mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena. Basi kazi hufanyika wakati wa giza, na siku za mwezi mpevu vyombo hukaa pwani. Siku hizo wavuvi hushona nyavu, huziba nyufa za vyombo kwa pamba, hulipa madeni, au huyaongeza.

Chombo kimoja kwa kawaida huchukua watu wanne. Huitwa baharia, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Hutoka jua linapokuchwa. Wafikapo mahali pafaapo hutia nanga na kuziachia taa zao majini, kila moja juu ya chelezo chake, zote zimefungwa katika kamba moja. Halafu hungoja. Kungoja huku, katika baridi na giza, wengine wao hawajui hata kuogelea, ndiko watu wa nchi kavu tusikokufikiria tunapolalamikia bei ya kopo. Dagaa wakiisha kukusanyika, taa huvutwa polepole, wavu huzungushwa chini yake na kuinuliwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na mafuta ya taa yalikula faida nyingi. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazotiwa nguvu kwa jua. Ukisimama ufukoni usiku wa giza utadhani mji mkubwa umejengwa juu ya maji.

Kukipambazuka, kazi huwa ya wanawake. Akina mama hununua dagaa wabichi kwa beseni, mara nyingi kwa mkopo, na kuwaanika. Siku moja ya jua kali yatosha. Lakini mvua ikinyesha kabla ya adhuhuri, mama mwenye mabeseni kumi mchangani husimama akitazama mtaji wake ukiharibika. Dagaa walionyeshewa huuzwa kwa bei ndogo kuwa chakula cha kuku. Wenye uwezo huanika juu ya vichanja, na dagaa wao hawana mchanga, kwa hiyo hupata bei nzuri zaidi. Lakini kichanja chataka mbao na nyavu, na vitu hivyo havitolewi bure. Ule mchanga tunaoutema tukila, basi, si uvivu wa mtu. Ni upungufu wa mbao.

Sasa nieleze jambo linalowatia wavuvi hofu kuliko dhoruba. Amri ya mwaka wa 1926 ilisema kwamba mpaka wa Uganda na Kenya utoke ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumba, upite moja kwa moja juu ya maji hadi katikati ya mlango wa mto Sio. Katika ramani ni mstari ulionyooka vizuri. Majini hauna kigingi wala boya la kumwonyesha baharia usiku kwamba ameuvuka. Wasamia wanakaa pande zote mbili, na hadi mwaka wa 1902 pande zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda. Tena Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa zima, lakini wavuvi wake ni wengi, na dagaa hawaulizi maji ni ya nani. Chombo kikikamatwa upande usio wake, wavu, taa na mashine huweza kuchukuliwa. Aliyekopa fedha kununua mashine hurudi nyumbani mikono mitupu, na deni linamngoja mlangoni.

Samaki wenyewe wamebadilika. Wazee walikula ngege na fulu. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwamaliza fulu wa aina nyingi. Dagaa, mdogo kuliko wote, alisalia. Mwaka wa 2017 serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kuzuia uvuvi haramu, na vyombo vifupi kuliko futi 28 viliharibiwa. Wako wanaosema kwamba tangu hapo sangara wakubwa wamerudi. Wako wanaosema kwamba aliyekuwa na mtumbwi mdogo sasa hana kitu. Nionavyo mimi, wote wanasema kweli, ila hawasemi habari za watu wale wale.

Wanafunzi wa zamani watakumbuka mvua za mwaka wa 1961, ambazo ziwa lilipanda baada yake na kufikia kipimo cha mita 13.41 kule Jinja mwaka wa 1964. Mwezi wa Mei 2020 lilifika mita 13.42. Nyumba na vyoo vya vijiji vingi vya ufukoni viliingia majini, na watu wakahamia juu zaidi.

Kufika Majanji si taabu kama zamani. Barabara ya lami ya Musita, yenye kilomita 104 pamoja na matawi yake, hugawanyika Lumino: moja huenda Busia, nyingine hushuka hadi ziwani. Kutoka Tororo mtu aweza kwenda na kurudi siku moja. Lakini atakaye kuona uvuvi wenyewe alale huko, na kabla ya kufunga safari atazame mwezi. Akienda mwezi ukiwa mpevu atakuta vyombo vimepangwa mchangani, na baharia wamelala.