Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Bwana Mkulima, maziwa unayopeleka chamani kila asubuhi hufika kiwandani, na huko hupashwa moto ili vijidudu vya ugonjwa vife. Katika mashine inayopitisha maziwa mabombani bila kusimama, desturi ni joto la nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, kisha hupozwa upesi. Joto likipungua, papo hapo vali hugeuka na kuyarudisha maziwa yakapashwe tena, yasichanganyike na yaliyo tayari.

Nani hutoa amri hiyo? Ni chombo kilicho kando ya bomba. Ilikuwa hivyo hata kabla ya kompyuta. Siku hizi viwanda vingine huweka pia kompyuta ndogo pale pale penye mashine. Kazi yake ni kutazama joto, mwendo wa pampu na nguvu ya mvuke bila kupumzika. Joto likianza kushuka kidogo kidogo, humwonya fundi akatazame boila kabla mambo hayajaharibika.

Kwa nini kazi hii isiachiwe kompyuta kubwa ya mbali, inayofikiwa kwa intaneti? Mfikirie mchungaji wako. Ng'ombe akiingia katika mahindi, mchungaji hangoji barua yako. Humfukuza mara moja, na jioni hukupa habari. Kompyuta ndogo ndiyo mchungaji. Ile kubwa ni kama mwenye shamba: hupokea hesabu za mwezi na kupanga kazi ya mbele.

Tena njia yaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikalegea Kenya na nchi za jirani. Mashine inayongoja amri kutoka ng'ambo ingefanya nini siku kama hiyo?

Lakini kumbuka, kompyuta huamini inaloambiwa na kipimajoto. Kipimajoto kikidanganya, amri nayo itakuwa mbaya. Basi katika mkutano wa chama, ulizeni hivi:

1. Intaneti ikikatika, je, mashine yaendelea kulinda maziwa?
2. Vipimajoto hukaguliwa lini, na nani huvikagua?
3. Onyo likitolewa usiku, yupo fundi wa kuitika?

Nawe fanya sehemu yako. Osha vyombo vizuri na upeleke maziwa mapema. Hakuna kompyuta iwezayo kuyaponya maziwa yaliyokwisha kuchacha, na maziwa yakikataliwa, ni karo ya watoto wako iliyomwagika.