Sayari huanza kama vumbi, lakini jiwe la mita moja huleta utata

Mwezi Novemba 2014, wanaastronomia wanaotumia mkusanyiko wa antena za ALMA katika jangwa la Atacama, nchini Chile, walitoa picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 450 kutoka duniani. Nyota hiyo imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, na ndani yake zilionekana pete angavu zilizotenganishwa na mianya ya giza. Wataalamu wengi huichukulia mianya hiyo kuwa njia zilizofagiliwa na sayari zinazozaliwa. Kilichowashangaza ni umri: nyota hiyo ina miaka isiyozidi milioni moja hivi, na wachache walitarajia sayari mapema kiasi hicho.

Kwa ufupi, nadharia yenyewe ni nyepesi. Wingu la gesi na vumbi huporomoka kwa uzito wake, katikati hufanyika nyota, na masalio huizunguka yakiwa yametandazika kama chapati. Chembe ndogo mithili ya moshi hugusana taratibu na kunatana, kama vumbi linavyojikusanya chini ya kitanda, hadi zipatikane punje za mchanga, kisha changarawe.

Hapo ndipo hesabu zilipokwama kwa miaka mingi. Kokoto mbili zikigongana hazinatani. Hudundana au huvunjika. Isitoshe, gesi huizunguka nyota polepole kidogo kuliko jiwe, hivyo jiwe husafiri kana kwamba linakabili upepo wa mbisho usiokoma, likipoteza mwendo na kuvutwa ndani. Jiwe la upana wa mita moja, likiwa mbali na nyota yake kama dunia ilivyo mbali na jua, laweza kutumbukia ndani ya nyota hiyo katika muda wa karne chache tu. Kwa hesabu hiyo, dunia isingekuwapo.

Mwaka 2005, Andrew Youdin na Jeremy Goodman walionyesha kwamba upepo huohuo unaweza kuwa mkombozi. Kokoto zikisongamana mahali pamoja huisukuma gesi, na upepo unaozikabili hupungua. Nyingine zinazotoka nje huzifikia na kubaki nazo, kama waendesha baiskeli wanaojikinga mgongoni mwa wenzao. Msongamano ukizidi, nguvu ya mvutano hulikusanya kundi zima kuwa gimba la kilomita nyingi, bila kupitia kamwe hatua ile ya jiwe la mita moja.

Ushahidi mzito ulipatikana tarehe 1 Januari 2019, chombo cha Marekani cha New Horizons kilipopita karibu na Arrokoth, gimba lililo mbali kupita Pluto. Lina urefu wa kilomita 35 hivi, nalo ni vipande viwili vilivyoshikana bila alama ya mgongano mkali: vilikutana kwa upole, kama inavyotarajiwa ndani ya wingu moja la kokoto.

Kutoka hapo mvutano huendeleza kazi, ingawa sayari kubwa kama Mshtarii hulazimika kuiwahi gesi kabla haijatawanyika, kwa kawaida ndani ya miaka milioni 10. Kuizunguka nyota PDS 70, sayari mbili za aina hiyo zimekwisha kuonekana zikikua, na mojawapo ina sahani yake ndogo ya vumbi, ambamo huenda miezi ikaumbika.