Je, Wajua? Kulanti Si Maji Yenye Rangi

Anayepanda mlima Kitonga akitokea Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa huwa hakosi kuliona: gari limeegeshwa pembeni, boneti iko juu, mvuke unafuka, na dereva ameshika chupa ya maji ya kunywa akisubiri rejeta ipoe aijaze. Wapita njia husema mlima umelishinda. Mara nyingi mlima hauna kosa. Gari hilo lilianza kuumia zamani, siku mtu alipofungua mfuniko wa rejeta akamimina maji ya bomba mahali pa kulanti, kisha akaendelea hivyo kila yalipopungua.

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupanda ghafla na kuvuka nyuzi 2,000 za Selsiasi. Alumini, ambayo ndiyo madini ya silinda hedi katika magari mengi ya leo, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa ni kwamba mlipuko hudumu kitambo kidogo sana, na nyuma ya ukuta wa silinda kuna kimiminika, yaani kulanti, kinachozunguka bila kupumzika, kikichukua joto na kulipeleka kwenye rejeta. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nishati ya mafuta unayonunua ndiyo husukuma gari. Theluthi nyingine hutokea kwenye bomba la moshi, na inayobaki karibu yote ni mzigo wa kulanti.

Magari ya kwanza yalipozwa kwa maji matupu. Mwaka 1901 Wilhelm Maybach, mhandisi Mjerumani, aliipa Mercedes mpya rejeta yenye vijibomba vya mraba zaidi ya 8,000 vilivyopangwa kama sega la nyuki, ili upepo upite katikati yake na maji machache yatoshe. Upoaji ukawa mzuri, lakini baridi ya Ulaya ikabaki kuwa adui. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mtanuko huo hupasua bloku ya chuma. Dawa ikapatikana katika ethilini glaikoli, kimiminika kizito kidogo kilichotengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850. Kilianza kuuzwa kwa wenye magari miaka ya 1920. Wahandisi wa ndege waliipendea glaikoli jambo jingine: huchemka kwenye nyuzi 197, kwa hiyo injini iliweza kufanya kazi ikiwa na joto zaidi, na rejeta ikawa ndogo.

Hapo ndipo penye jibu la swali ninalolisikia kila mara: mtu wa Tanga au Dodoma, ambaye gari lake halitaganda kamwe, anunue dawa ya barafu ya nini? Ni kwa sababu gari lake litachemsha, tena litapata kutu.

Tuanze na kuchemka. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Injini yenyewe imeundwa ifanye kazi karibu na nyuzi 90, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kulanti, yaani mchanganyiko wa nusu glaikoli na nusu maji, huchemka kwenye nyuzi 107 hivi ukiwa wazi, na ukifungiwa kwenye mfumo wenye shinikizo huvuka 120. Shinikizo hilo hushikiliwa na mfuniko wa rejeta, kifaa ambacho madereva wengi hukidhania kizibo tu. Uangalie vizuri injini ikiwa imepoa: juu yake pamechapwa namba kama 0.9 au 1.1, na chini yake kuna springi na mpira. Namba hiyo ni shinikizo ambalo springi itazuia kabla ya kuachia. Mpira ukikauka au springi ikilegea, kulanti nzuri kuliko zote itachemka mapema. Mfuniko mpya ni wa bei ndogo, nao ubadilishwe kwa wenye namba ileile.

Kutu nayo huua injini nyingi, kwa kuwa hufanya kazi kimyakimya. Kulanti hupita kwenye bloku ya chuma, hedi ya alumini na rejeta ya alumini au shaba. Metali tofauti zikikutana ndani ya maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo baina yao, na moja huliwa. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi ya kutosha kuifanya kazi hiyo. Maji magumu nayo huacha chokaa kwenye kuta zenye joto, kama ile inayoganda ndani ya birika, na chokaa hiyo huzuia joto kutoka. Kulanti huja na viambato vinavyoweka utando mwembamba juu ya metali na kutuliza asidi. Viambato hivyo huisha, na glaikoli yenyewe ikizeeka hugeuka asidi. Ndiyo maana kulanti hubadilishwa hata kama haijapungua tone.

Kwenye malori ya dizeli kuna jambo la ajabu zaidi. Laina ya silinda iliyozungukwa na maji hutetema kila mlipuko, na mtetemo huo huzaa vipovu vidogo upande wa nje. Vipovu vikipasuka hugonga chuma kwa nguvu kubwa, hapo hapo, maelfu ya mara. Ukiichomoa laina iliyotumia maji matupu utaona vitundu vilivyojipanga wima upande mmoja, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Kimoja kikipenya hadi ndani, maji huingia kwenye oili. Kulanti za malori huwekewa viambato, nitriti kikiwa kimojawapo, vya kulinda chuma dhidi ya kipigo hicho.

Sasa rangi. Rangi hutiwa ili uvujaji uonekane na ili mtu asiinywe akidhani ni maji, wala haisemi kilichomo. Kulanti za Kijapani kwa kawaida hutumia fosfati na kuepuka silikati, ambayo Wajapani huona inachakaza sili za pampu. Watengenezaji wengi wa Ulaya hukwepa fosfati, kwa kuwa kwenye maji magumu huacha machicha. Hivyo chupa mbili za rangi ya waridi, moja ya Toyota na nyingine ya gari la Kijerumani, zaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kikemia. Ukizichanganya, viambato huweza kudhoofishana, na mara nyingine huganda kuwa ute mzito unaoziba rejeta.

Basi kinachoamua ni kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi zinazoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kulanti yao nyekundu ya zamani ilipaswa kubadilishwa kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ya waridi hukaa hadi kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Ikiwa historia ya gari huijui, na kwa gari la mtumba huwa huijui, mwaga yote, suuza, anza upya. Soma kopo uone kama kulanti imekwisha kuchanganywa. Kama ni nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa sheli kwa jina la maji ya betri. Hakikisha si asidi ya betri. Usizidishe glaikoli ukidhani unaimarisha, kwa kuwa maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli.

Na fundi akikwambia thamostati, ile vali inayozuia kulanti kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, haihitajiki kwenye nchi za joto, mkatalie kwa heshima. Bila hiyo injini hukawia kupata joto lake, hula mafuta na kulika mapema. Kwenye baadhi ya injini thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari huchemsha zaidi.

Kagua tanki la akiba asubuhi kabla ya kuwasha. Likipungua tena na tena, tafuta panapovuja. Mara nyingi utakuta ukoko wa rangi ya waridi umekauka chini ya pampu ya maji.

La mwisho ni la uhai. Glaikoli ina ladha tamu, na ini huibadilisha kuwa asidi zinazounda fuwele ndani ya figo. Kiasi kidogo humuua mtoto au mbwa. Kulanti inayobaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, na ya zamani isimwagwe uani. Mtoto akionja, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo pamoja na kopo lenyewe, hata kama anaonekana mzima.